Nilifuata kanuni zote za lugha ya mwili, nikaambiwa naigiza

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni msichana wa miaka 27, nimesomea ugavi. Mwaka huu nimeitwa kwenye usaili mara tano, na mara zote tano nimerudi mikono mitupu. Wasifu wangu nadhani hauna kasoro, maana ungekuwa nayo wasingekuwa wananiita. Mtihani wa kuandika napita. Shida inaanza nikishafungua mlango na kuwaona wale watu watatu wamejipanga nyuma ya meza.

Usaili wa kwanza na wa pili niliuharibu kwa woga tu. Nilikuwa nimeshika nakala ya cheti changu mkononi, ikawa inatetemeka mpaka inatoa mlio, nikawa nausikia mlio ule kuliko maswali. Nikajibu kwa pupa huku koo limekauka. Wa tatu ukawa vivyo hivyo. Ndipo rafiki yangu mmoja, ambaye ana kazi yake nzuri, akaniambia kwamba tatizo langu ni lugha ya mwili. Akasema katika mazungumzo maneno yana asilimia 7 tu, sauti asilimia 38, na mwili asilimia 55, na kwamba jopo huwa limeshaamua kabla hujaketi.

Mjomba, nikaamua kujifunza. Nilitazama video hadi usiku wa manane, kisha nikalipia mafunzo ya siku mbili. Nikafundishwa kuketi mgongo wima. Mtazame anayekuuliza kwa sekunde nne, halafu pumzisha macho. Viganja vionekane. Ncha za vidole ziguse kama paa la nyumba. Tabasamu kila ukitajwa jina. Akiegemea mbele, na wewe egemea. Usiguse pua wala shingo, watadhani unadanganya. Na kabla ya kuingia, tafuta choo, usimame dakika mbili mikono kiunoni na kifua mbele, ili mwili ujione mshindi.

Usaili wa nne nilijaribu nusu nusu. Wa tano, wiki tatu zilizopita, nilifanya yote bila kuruka hata moja. Chooni aliingia mama mmoja akanikuta nimesimama kama sanamu mbele ya kioo, akaniuliza kama naumwa. Baadaye nikamkuta yuleyule ndiye ameketi katikati ya jopo.

Akaniuliza swali refu. Mimi nilikuwa nahesabu: moja, mbili, tatu, nne, pumzisha macho. Alipomaliza sikuwa na habari ameuliza nini. Nikajibu kitu kingine kabisa, nikaona wanatazamana. Na yule wa kulia ndiye aliyenimaliza. Hakuniangalia hata mara moja, tangu mwanzo anaandika tu kichwa chini. Nikajua nimeshakataliwa. Nikaanza kujibu kwa kifupi ili tumalize niondoke.

Majibu yalipotoka nikajipa moyo nikapiga simu kuuliza nilikosea wapi. Mmoja wao akaniambia kwa upole: "Kazi unaijua, lakini tulihisi tunaongea na mtu anayeigiza. Wewe mwenyewe hatukukuona." Siku hiyo nililia.

Sasa nimebaki njia panda. Nikiwa mimi, naonekana mwoga. Nikijifunza, naonekana naigiza. Nimeitwa tena, zimebaki siku kumi na mbili. Niufanye nini mwili huu? Na swali dogo, usinicheke: wakiniwekea maji, ninywe au niache? Usaili wa pili nilikunywa, yakamwagikia karatasi zao.

Ni mimi mpwa wako,
Mikono Inatetemeka

*

Marahaba, mpwa wangu.

Swali la maji sijalicheka, nitalijibu mwishoni. Pale chooni ndipo niliposhindwa kujizuia, unisamehe.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikuwa mtu wa rasilimali watu, na nimeketi upande ule wa meza unaouogopa kwa miaka mingi. Kwa hiyo niruhusu nianze na yule wa kulia, kwa sababu naona ndiye aliyekuharibia siku, na yeye mwenyewe hana habari.

Alikuwa anaandika majibu yako. Jopo lililojipanga hugawana kazi: mmoja anauliza, mwingine anaandika, wa tatu anaangalia muda au anachimba pale jibu lilipobaki juu juu. Mbele ya anayeandika kuna fomu. Kila swali lina nafasi yake, na pembeni kuna kisanduku cha alama, tuseme 1 hadi 5. Jioni, wakishawaona watu wanane au tisa, nyuso zinakuwa zimechanganyikana na kinachobaki ni ile karatasi. Zamu ya kalamu ilipokuwa yangu, niliinama zaidi pale mtu aliposema jambo lenye uzito: idadi, tarehe, hatua aliyoichukua mwenyewe. Nilipoinua kichwa nikamtazama msailiwa kwa utulivu, mara nyingi ni kwa kuwa sikuwa na cha kuandika. Wewe umemwona mtu anaandika mfululizo, ukasoma hapo "nimekataliwa". Inawezekana kabisa alikuwa anakujazia alama mpaka pale ulipoanza kukata sentensi ili uondoke.

Ngoja nikusimulie jaribio moja la mwaka 1974, ambalo ningekuwa na uwezo ningemlazimisha kila msaili alisome. Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, yaani Carl Word, Mark Zanna na Joel Cooper, waliwapa vijana wazungu kazi ya kuwasaili waombaji, wengine weupe na wengine weusi. Waombaji walikuwa wamefunzwa kujibu kwa namna moja. Bila kuagizwa na yeyote, wasaili waliketi mbali zaidi na waombaji weusi, wakawamaliza haraka, na ndimi zao zikawa zinateleza zaidi. Halafu watafiti wakageuza mambo. Safari hii wasaili ndio waliofunzwa, na waombaji wote walikuwa weupe. Nusu walisailiwa kwa ukaribu, nusu kwa ule ubaridi wa awamu ya kwanza. Waliopewa ubaridi walijibu vibaya zaidi na wakaonekana wenye woga zaidi, ingawa hawakuwa na tofauti yoyote na wenzao kabla ya kuingia chumbani.

Watafiti wale walikuwa wanatafuta ubaguzi unavyojificha kwenye kiti na kwenye saa ya ukutani, na hilo ni jambo zito kuliko la kwako. Lakini ndani yake kuna kitu kinachokuhusu. Walimu wako wa siku mbili walikufundisha kana kwamba mwili wako unaongea peke yake. Hauongei peke yake, unamjibu mwenzako. Mtu akikupa utosi badala ya uso, mwili wako unajibu kwa kunywea, hata kama kichwani unaijua kazi. Huwezi kumzuia asiandike. Unachoweza ni kujua kwamba anaandika, ili usimjibu kama mtu anayekukataa.

Na kuna hila moja ndogo, ambayo ukiifanya atakupenda bila kujua kwa nini. Ukifika kwenye idadi au jina la kitu, punguza mwendo, geuka kidogo upande wake, mpe nafasi aandike. "Tulikuwa na katoni 640 kwenye daftari", nyamaza kidogo, "na rafuni tulihesabu 612." Mwandishi wa jopo anateseka na wasailiwa wanaomwaga maneno kama mvua. Anayemngoja amalize mstari ni kama amemshika mkono.

Sasa zile asilimia za rafiki yako. Usigombane naye, wamedanganywa wengi, hadi watu wanaoendesha mafunzo kwa kulipwa. Chanzo chake ni Albert Mehrabian, mwanasaikolojia aliyechapisha tafiti mbili mwaka 1967. Watu walisikilizishwa neno mojamoja likitamkwa kwa sauti za namna mbalimbali, na katika mojawapo ya tafiti hizo wakaonyeshwa na picha za nyuso, kisha wakaulizwa msemaji anahisi nini: anapenda, anachukia, au hajali. Neno likisema hivi na sauti ikisema vile, watu waliiamini sauti, na uso ukawa na uzito kuliko sauti. Basi. Hakupima mtu anayeeleza kazi yake, na yeye mwenyewe amewahi kusema wazi kwamba hesabu ile inahusu mazungumzo ya hisia na mapenzi ya mtu, si mawasiliano yote. Wewe umesomea ugavi. Jaribu kueleza kwa nyusi jinsi ya kumchagua mzabuni, nione asilimia 55 yako.

Hilo la jopo kuamua kabla hujaketi lina ukweli wake, na sitakuficha. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov, nao wa Princeton, waliwaonyesha watu picha za nyuso kwa sehemu ya kumi tu ya sekunde, wakawauliza kama mwenye uso anaaminika au anafaa. Maamuzi yale ya haraka yalikaribiana sana na ya watu walioachiwa muda wautakao. Kuongezewa muda kuliwafanya wajiamini zaidi katika walichoamua, zaidi ya kuwafanya wabadili mawazo. Kwa hiyo ndiyo, tunakuhukumu ukiwa bado mlangoni, na mimi nimewahukumu watu hivyo. Nimewahi pia kumhukumu mtu mlangoni kisha nikajiona mjinga dakika ya ishirini. Kuwahi kuamua si kuamua sawasawa, na ndiyo maana fomu ya alama ikabuniwa: maswali yaleyale kwa kila mtu, kwa mpangilio uleule, alama kwa kila jibu. Ukiona wanakuuliza kwa kusoma karatasi, bila mbwembwe, furahi. Jopo la namna hiyo halijali sana vidole vyako vimekaa vipi.

Ninachokushauri kuhusu huo mlango ni hiki: dakika ya kwanza ikariri, zilizobaki ziache. Dakika ya kwanza haibadiliki popote uendapo. Unaingia, unawasalimu wote ukiwapitia kwa macho mmojammoja, unangoja uambiwe keti, mkoba unaushusha sakafuni na si mapajani, nyayo zote mbili zinagusa chini. Kiti kikiwa cha kuzunguka, nyayo ndizo breki. Mkono wa salamu ukipewa, shika vizuri na uachie, usipopewa, usiutafute. Kisha sentensi yako ya kwanza, ile ya "jieleze", iwe imeshakaa mdomoni hata ukiamshwa usingizini. Yafanye hayo nyumbani mara ishirini, mlango wa kweli na kiti cha kweli, ukiwa na nguo zilezile utakazovaa, maana nguo inayobana unaijua ukishaketi. Kitu kilichorudiwa mara ishirini hakihitaji kufikiriwa, na hapo ndipo masikio yako yanapata nafasi ya kusikia swali.

Kwa sababu hilo ndilo lililokukuta, mpwa wangu. Ulifukuzia alama za macho ukapoteza swali. Mtu hawezi kuhesabu sekunde na kusikiliza kwa wakati mmoja, labda awe hasikilizi.

Na yule aliyekuambia unaigiza, nadhani najua alichokiona, kwa kuwa nimekiona mara nyingi. Tabasamu la kujifunza huchelewa. Jina linatajwa, inapita nukta moja, halafu mdomo unafunguka na macho yamebaki palepale. Kichwa kinaitikia swali ambalo halijafika mwisho. Mikono imeganda kwenye umbo la paa huku mdomo unasimulia habari ya kukimbizana na lori lililochelewa. Hakuna kosa hata moja hapo ukilitazama peke yake, ila havipatani, na macho ya binadamu ni mepesi kuona visivyopatana. Ulitabasamu ulipotajwa jina, sawa. Je, ulitabasamu pia walipokuuliza habari ya mzigo kuibiwa?

Nakumbuka kijana mmoja aliyekuja kuomba kazi ya ghala. Alikuwa na hali kama yako. Viganja vimelowa, kavibana katikati ya magoti, majibu yake ni "ndiyo" na "hapana" na "nitajitahidi". Kwenye fomu yangu nilikuwa nimeshampa 2 mbili mfululizo. Kisha mwenzangu akamuuliza: umewahi kuhesabu mzigo ukakuta haulingani na daftari? Kijana akanyamaza. Macho yakaenda dirishani yakakaa huko muda mrefu tu. Halafu akatoa kifuniko cha kalamu yake akakiweka mezani. "Huu ni mlango," akasema. Akasogeza glasi. "Hii ni rafu ya tatu." Akatuonyesha kwa kidole jinsi katoni zilivyopangwa safu mbili, moja nyuma ya nyingine, na jinsi waliohesabu kabla yake walivyokuwa wakihesabu safu ya mbele tu, kisha wanazidisha kwa mbili, wakati nyuma kulikuwa na pengo. Mikono ilikuwa bado inatetemeka. Kifuniko kilimdondoka, akainama akakiokota, akakirudisha mahali pa mlango akaendelea. Sisi watatu tulikuwa tumeinamia ile meza kama watoto wanaotazama mchezo. Hakuna aliyekuwa anatazama mikono, tulikuwa tunatazama rafu.

Hakuna aliyemfundisha kuegemea mbele wala kuonyesha viganja. Alikuwa anakumbuka kitu alichokifanya kweli, na mwili ukamfuata. Ndiyo maana sitakupa kanuni mpya za kuweka mikono. Nakupa kazi ya kutafuta rafu zako.

Kaa chini leo, andika mambo sita uliyoyafanya kwa mikono yako: kazini, kwenye mafunzo kwa vitendo, hata kwenye kikundi cha watu wanaochangishana fedha kama uliwahi kuwa mtunza hazina. Mahali ulipogundua kosa. Mahali ulipokosea wewe. Mahali ulipogombana na mtu mkapatana. Kila moja liwe na idadi ndani yake, na mahali, na mtu mmoja aliyesema kitu. Maswali mengi ya jopo yataangukia kwenye mojawapo. Kisha mtafute ndugu au rafiki, mpe daftari na kalamu, mwambie akuulize halafu aandike bila kuinua kichwa. Akikutazama, mrudishie mapigo: "Andika!" Simulia zote sita mbele ya utosi wake. Siku ya kwanza utajisikia vibaya sana. Ukifika siku ya tano utakuwa umeuzoea utosi, na huyo wa kulia safari ijayo hatakuwa na jipya.

Macho sasa. Umeambiwa anayekwepa macho anadanganya, na wanaoliamini hilo ni wengi kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa katika nchi zaidi ya 50, ulikuta kwamba dalili inayotajwa na watu wengi kuliko zote wakiulizwa mwongo anajulikanaje ni hiyo ya kukwepa macho. Mwaka huohuo Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya majaribio mengi ya kumtambua mwongo: watu walipatia kwa asilimia 54, zaidi kidogo tu ya kurusha sarafu. Yaani sote tunajiona mabingwa na hatuna tunalolijua. Pua yako ikikuwasha, ikune.

Ila kwa kuwa msaili naye anaweza kuwa miongoni mwa wanaoamini, usimpe sababu ya bure. Mtazame anapouliza, kwa maana ya kumsikiliza. Ukitafuta jibu kichwani, macho yaache yaende yatakako, dirishani au mezani, kila mtu anayefikiri hufanya hivyo na kumkodolea mtu huku unawaza kunatisha. Sentensi yako ikifika mwisho, rudi usoni kwake. Hapo hakuna cha kuhesabu. Ni vile unavyoongea na shangazi yako akikuuliza fedha za kikundi zimekwenda wapi.

La kusimama kama mshindi nalipita haraka. Lilianza na utafiti wa mwaka 2010 wa Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap uliokuwa na watu 42, uliosema mkao ule hubadilisha hadi homoni. Mwaka 2015 wengine wakaurudia kwa watu 200, homoni hazikubadilika. Kilichobaki ni watu kusema wanajisikia wana nguvu kidogo. Mwaka uliofuata Carney mwenyewe akaandika kwamba haamini tena kuwa jambo lile ni la kweli. Ukijisikia vizuri ukisimama hivyo, simama. Funga mlango tu.

Mikono inayotetemeka. Kwanza usishike karatasi moja. Karatasi moja ni kipaza sauti cha woga. Vyeti viwe ndani ya jalada gumu, na jalada liwe mezani. Mikono ishikane kwa ulegevu juu ya meza au mapajani, na ikitaka kutoka kueleza jambo iruhusu. Pili, jua kwamba wao hawauoni woga wako kwa ukubwa unaoudhania. Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walilijaribu hili kwa watu wanaohutubia, wakalichapisha mwaka 2003: wasemaji walidhani hofu yao iko wazi kwa kila mtu, kumbe wasikilizaji waliona kidogo kuliko hapo. Zaidi ya hayo, walioelezwa ukweli huo kabla ya kusimama walihutubia vizuri kuliko ambao hawakuelezwa. Kwa hiyo kukuambia tu hivi ni sehemu ya dawa, umeshainywa.

Tatu, ikizidi, sema. Mara moja, bila kulialia: "Nina hofu kidogo, naomba nivute pumzi." Katika miaka yangu yote sijawahi kuona fomu yenye kisanduku cha kuondoa alama kwa sababu hiyo. Na swali likikupita, usilibahatishe. "Samahani, sehemu ya mwisho imenipita, naomba uirudie." Nimewaajiri watu waliosema hivyo. Waliojibu swali lisiloulizwa, kwa kujiamini kwingi, siwakumbuki vizuri.

Kama huo wa safari hii utakuwa kwa video, yote ni yaleyale isipokuwa kamera: iinue ifike usawa wa macho yako, mwanga uwe mbele yako na si nyuma ya kisogo, na ile picha yako mwenyewe kwenye kioo izime au ifunike. Ukijitazama utaanza tena kuhesabu.

Nikuambie na lingine ambalo walimu wa video hawalisemi kwa kuwa haliuziki. Nafasi moja, wasailiwa wanane: saba wanarudi nyumbani hata kama wote walikuwa wazuri. Tano ulizokosa, mbili au tatu huenda ulipitwa na mtu mwenye uzoefu zaidi na usingeweza kufanya lolote hata ungeketi kama malkia. Lakini huo wa tano walikuambia kazi unaijua. Hilo neno lishike. Jopo halina sababu ya kumfariji mtu kwenye simu kwa sifa ambayo hakuionyesha, na wewe umelisikia "naigiza" peke yake ukaliacha hilo lingine likapita.

Yule mama aliyekukuta chooni, kama ungemwambia "sina ugonjwa, najiandaa kwa usaili, nina hofu", nadhani angekuwa wa kwanza kucheka, na mngekutana mezani mnajuana. Yamepita.

Maji, sasa. Kunywa. Koo lililokauka linaharibu sauti kuliko kitu kingine chochote. Glasi ikiletwa isogeze upande wa mkono unaoutumia kuandika, mbali na karatasi zao, na kama imejaa hadi ukingoni usiinyanyue mpaka umeiinamia ukapunguza funda moja. Subiri wakiwa wanafunua ukurasa wa swali linalofuata ndipo unywe, kwa mikono miwili kama mmoja hautoshi, hakuna anayepiga picha. Na yakimwagika tena, inua karatasi zao kwanza, kuomba radhi kutafuata.

Mjomba